Kambi Mbili, Maswali Manne: Uhakiki wa Namna Mgogoro wa Ushairi wa Kiswahili Unavyofupishwa katika Kazi za Utafiti

Ikisiri

Ni desturi kwa tasnifu na makala zinazohusu ushairi wa Kiswahili kufungua mapitio ya maandiko kwa kufupisha mgogoro wa wanajadi na wanamabadiliko. Makala hii inauhakiki ufupisho huo. Inadai kwamba mgawanyo wa kambi mbili, ingawa unafundishika kwa wepesi, unaficha mambo matatu: wakati ambapo kila hoja ilitolewa, asili ya watu waliozitoa, na swali ambalo kila mmoja alikuwa akilijibu. Kwa kurejelea kazi za Amri Abedi, Mnyampala, Kezilahabi, Mulokozi na Kahigi, Abdilatif Abdalla, Alamin Mazrui na Shariff, inaonyeshwa kuwa kinachoitwa mgogoro mmoja ni maswali manne tofauti, na kwamba waliokubaliana katika swali moja mara nyingine walitofautiana katika jingine. Makala inapendekeza muhtasari upangwe kwa maswali badala ya kambi.

1. Utangulizi

Kufupisha mitazamo inayopingana ni kazi ya kwanza ya mtafiti, na aghalabu ndiyo inayofanywa kwa haraka kuliko zote. Mtafiti hutakiwa aonyeshe kuwa ameyasoma yaliyoandikwa kabla yake, kisha aoneshe pengo analokusudia kuliziba. Kwa kuwa pengo ndilo linalosubiriwa na msimamizi, mitazamo ya watangulizi hugeuzwa kuwa ngazi ya kulifikia: huyu alisema hivi, yule akampinga, wa tatu akasimama katikati, na hapo ndipo utafiti huu unapoingia.

Katika taaluma ya ushairi wa Kiswahili ngazi hiyo imekwisha kuchongwa. Upande mmoja huwekwa wanajadi, au wanamapokeo, wanaodaiwa kushikilia kuwa shairi halisi lazima liwe na vina na mizani. Upande wa pili huwekwa wanamabadiliko, au wanausasa, wanaodaiwa kuvikataa. Majina hupangwa chini ya kila upande, kila jina likipewa sentensi moja au mbili, na aya hufungwa kwa kusema kwamba mgogoro huo haujapata suluhisho.

Muhtasari wa namna hii una uzito mkubwa kuliko inavyodhaniwa, hasa katika nchi jirani ambazo Kiswahili kimepewa hadhi mpya hivi karibuni. Rwanda ilikifanya kuwa lugha rasmi mwaka 2017, na Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha hatua kama hiyo mwaka 2022. Mwanafunzi wa Kigali, Bujumbura au Kampala anayeanza kusoma ushairi leo hakutani kwanza na Sheria za Kutunga Mashairi ya 1954 wala na utangulizi wa Kichomi wa 1974. Vitabu hivyo havipatikani madukani kwa wepesi. Anachokutana nacho kwanza, na mara nyingine anachokutana nacho peke yake, ni muhtasari wa mtu mwingine. Muhtasari huo ukikosea, yeye hana pa kuugundulia ukosefu wake.

2. Kasoro ya Wakati

Kasoro ya kwanza ya muhtasari wa kambi mbili ni kuwakalisha watu wa nyakati tofauti katika baraza moja, kana kwamba walikuwa wakijibizana ana kwa ana.

Mfano ulio wazi ni Kaluta Amri Abedi. Kitabu chake, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kilitoka mwaka 1954, naye alifariki mwaka 1964. Kichomi cha Euphrase Kezilahabi, diwani ambayo kwa kawaida huhesabiwa kuwa tamko kuu la ushairi huru, ilichapishwa mwaka 1974. Kati ya kifo cha mmoja na kitabu cha mwenzake ipo miaka kumi. Hata hivyo, muhtasari wa kawaida humtaja Abedi kama mpinzani wa mashairi huru, wakati ushairi huru wa Kiswahili ulikuwa bado haujawa hoja alipoandika.

Tofauti hii si ya tarehe tupu. Ukimsoma Abedi kama mpinzani, kila kanuni yake huonekana kuwa lango la kumfungia mtu nje. Ukimsoma kama mwandishi wa mwaka 1954, kitabu chake huonekana kwa sura nyingine: ni mwongozo wa kujifunzia, unaomkabidhi mtu asiyezaliwa katika ukoo wa malenga kunga ambazo kabla ya hapo zilipatikana kwa kukaa na mafundi. Kuandika sheria kulikuwa kuwafungulia wengi mlango. Kwamba baadaye sheria hizo zilitumiwa kuufunga mlango huohuo ni habari ya wasomaji wake wa miaka ya 1970, wala si yake yeye.

Mathias Mnyampala naye hupatwa na hali hiyohiyo. Alifariki mwaka 1969, na vitabu vya Ngonjera za UKUTA vilitoka mwaka 1970 na 1971. Hakuwahi kukiona Kichomi. Kumwandika kuwa alikikataa ni kumtilia maneno kinywani.

Kasoro ya wakati huwapata pia wanaoitwa wanamabadiliko. Kezilahabi alitoa diwani tatu: Kichomi (1974), Karibu Ndani (1988) na Dhifa (2008). Ni safari ya miaka 34. Muhtasari wa kawaida humshika katika utangulizi wa diwani ya kwanza na kumwacha pale, kana kwamba mtunzi hakutunga wala hakufikiri tena baada ya hapo. Mtafiti anayetaka kueleza msimamo wa Kezilahabi hana budi kusema ni Kezilahabi wa mwaka gani.

3. Kasoro ya Asili

Kasoro ya pili ni kuzifunga hoja kwenye mahali. Mara nyingi mgogoro hufupishwa kuwa ni kati ya watu wa pwani, wenye lugha na mila yake, na watu wa bara waliojifunza Kiswahili shuleni na kuushindwa ufundi wake. Maelezo haya yana mvuto kwa sababu yana chembe ya ukweli. Kezilahabi alizaliwa Ukerewe, na baadhi ya watetezi wakubwa wa arudhi walikuwa wenyeji wa Mombasa. Lakini chembe si mzigo.

Amri Abedi, mwandishi wa kitabu cha sheria kinachonukuliwa kuliko vyote, alizaliwa Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, mahali palipo karibu na Burundi na Kongo kuliko Lamu au Mombasa. Mnyampala alikuwa Mgogo wa Dodoma. Kitabu cha Historia ya Kiswahili kilichotoka mwaka 1977 kiliandikwa na Mnyampala huyo pamoja na Shihabuddin Chiraghdin wa Mombasa. Kwa hiyo mtu wa bara na mtu wa pwani waliweza kushika kalamu moja. Kwa upande wa pili, Alamin Mazrui ni mwana wa Mombasa, naye katika Chembe cha Moyo (1988) ana tungo zisizofungwa na arudhi. Said Ahmed Mohamed ni wa Zanzibar. Alitunga kwa vina katika Sikate Tamaa (1980), na baadaye akatunga pia mashairi huru.

Mifano hii haimaanishi kuwa mahali hakuna maana. Mtu aliyekulia katika nyumba ambamo tenzi huimbwa ana sikio ambalo halipatikani kwa kusoma kitabu, na malalamiko ya wenyeji wa pwani kwamba urithi wao ulikuwa ukihukumiwa na watu wasioujua hayakuwa ya bure. Lakini malalamiko hayo ni hoja inayostahili kuelezwa kwa uzito wake yenyewe. Ikigeuzwa kuwa lebo ya kabila au ya jimbo, msomaji hupewa kisingizio cha kutoisikiliza: huyu anasema hivi kwa kuwa ni wa kule. Muhtasari unaomweleza mtu kwa asili yake kabla ya kumweleza kwa hoja yake umekwisha kumhukumu.

4. Kasoro ya Swali

Kasoro ya tatu ndiyo mama wa zote. Muhtasari wa kambi mbili huchukulia kuwa pande zote zilikuwa zikijibu swali moja: je, vina na mizani ni lazima? Ukizipitia kazi zenyewe, maswali ni manne.

Swali la kwanza ni la kiini: ni nini kinachoufanya utungo uwe ushairi? Hapa jibu la Amri Abedi halianzi kwenye vina. Linaanza kwenye wimbo. Kwake shairi ni kitu cha kuimbwa, na utungo usioimbika umepungukiwa na maana yake. Vina na mizani ni vyombo vya kuufanya uimbike. M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi, katika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu (1979), wanalijibu swali hilohilo kwa kukataa kuwa vina na mizani ndio uti wa mgongo wa ushairi. Kwao hizo ni mbinu miongoni mwa mbinu. Tofauti yao na Abedi ni ya kweli, lakini si ile inayoandikwa. Hoja inayopaswa kupimwa ni kama ushairi wa Kiswahili bado ni sanaa ya sauti, au umehamia kwenye ukurasa.

Swali la pili ni la historia na jina: tungo za Waswahili zimekuwa za namna gani, na neno "shairi" ni jina la nini? Ibrahim Noor Shariff, katika Tungo Zetu (1988), anaonyesha kuwa bahari za tungo za Waswahili ni nyingi, na kwamba shairi ni mojawapo tu, pamoja na utenzi, ukawafi, wimbo, utumbuizo na nyinginezo. Ukiifuata mantiki hiyo, beti za mishororo minne yenye mizani kumi na sita si kipimo cha ushairi wote, kama watetezi wengine wa arudhi walivyofanya zionekane. Wakati huohuo, mantiki hiyohiyo inamnyima mtunzi wa mashairi huru haki ya kulichukua jina la bahari moja na kuliita kila utungo. Shariff hukaa vibaya katika jedwali la kambi mbili: anawekwa kwa wanajadi, ilhali hoja yake inawakosoa wanajadi waliokuwa wakijua bahari mbili tatu.

Swali la tatu ni la hadhira: ushairi umfikie nani, na kwa njia gani? Hapa pana jambo ambalo muhtasari wa kawaida hauwezi kulisema. Kezilahabi alieleza kuwa alikusudia kuileta katika ushairi lugha ya kawaida, ile inayotumiwa na watu katika mazungumzo yao. Mnyampala alizikuza ngonjera ili ushairi upande jukwaani na uwafikie watu wengi. Wote wawili walimlenga mwananchi wa kawaida. Waliachana kwenye chombo. Ngonjera yenye vina hushikika kichwani. Mtoto wa shule huihifadhi na kuisema mbele ya wazazi wasiojua kusoma. Shairi huru lina maneno mepesi, lakini mpangilio wake hukaa kwenye karatasi na humhitaji msomaji. Kwa hiyo utungo wenye lugha ya kawaida ulielekea kwa waliosoma, na utungo wenye kanuni nzito ukaelekea kwa wasiosoma. Kinaya hiki ni mali ya thamani kwa mtafiti, nacho hupotea pale Mnyampala na Kezilahabi wanapotenganishwa kwa mstari.

Swali la nne ni la siasa: je, umbo la utungo lina upande? Mulokozi, katika makala yake ya 1975 kuhusu mapinduzi na upinzani dhidi ya mapinduzi katika ushairi wa Kiswahili, aliuhusisha ushairi na migongano ya kitabaka. Katika mazingira ya Tanzania baada ya Azimio la Arusha la 1967, ilikuwa rahisi kwa msomaji kuhitimisha kuwa umbo la kale ni la fikra za kale. Lakini Abdilatif Abdalla, aliyefungwa nchini Kenya kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wake wa Kenya: Twendapi?, alitunga gerezani mashairi ya Sauti ya Dhiki (1973) kwa vina na mizani. Ukali wa ujumbe wake haukupunguzwa na ukale wa chombo. Alamin Mazrui naye, aliyewekwa kizuizini na serikali ya Kenya katika miaka ya 1980, aliyatoa machungu yake pia katika umbo huru. Wawili hao wa Mombasa, wenye dola moja iliyowafunga, walishika vyombo viwili tofauti. Ushahidi huu hautoshi kukanusha kuwa umbo lina uhusiano na siasa, ila unatosha kukataza uhusiano huo usifanywe kuwa kanuni.

5. Hoja ya Wanaoutetea Mgawanyo

Utetezi wa muhtasari wa kambi mbili upo, nao ni wa haki kusikilizwa. Kwanza, mapitio ya maandiko yana kurasa chache. Haiwezekani kila mtunzi aelezwe kwa urefu. Pili, watunzi wenyewe walijipanga kwa kambi. Jumanne Mayoka aliandika kitabu kizima kwa jina la Mgogoro wa Ushairi, na lugha ya mabishano ya miaka ya 1970 na 1980 ilikuwa ya kushambuliana. Maneno kama "guni" hayakuwa ya kupima kwa upole. Tatu, kwa mwanafunzi anayeanza, pande mbili ni mlango mwepesi.

Hoja ya kwanza inajibika kwa kupima. Maswali manne hayahitaji kurasa nyingi kuliko kambi mbili. Yanahitaji mpangilio mwingine wa kurasa zilezile. Hoja ya pili ni nzito zaidi, kwa kuwa ni kweli watu walijiona wako kambini. Lakini jinsi washindani wanavyojiona ni sehemu ya habari inayochunguzwa, wala si kipimo cha kuichunguzia. Mtafiti anayetumia majina waliyopeana washindani, kama vile guni au masivina kwa upande mmoja, na ukale kwa upande mwingine, amekwisha kuingia vitani bila kujua. Kuhusu hoja ya tatu, mlango mwepesi si kosa, mradi mwanafunzi aambiwe kuwa ni mlango. Kosa ni pale anapoonyeshwa mlango akaambiwa ndiyo nyumba.

Wapo pia wanaosema kuwa mjadala wenyewe umekwisha, kwa sababu shule sasa hufundisha aina zote mbili. Ni kweli kuwa mtahiniwa wa shule ya sekondari nchini Kenya huweza kupewa shairi la arudhi au shairi huru, akatakiwa alichambue bila kuulizwa kama ni shairi. Lakini mtaala umelimaliza swali la jina peke yake. Swali la sauti na ukurasa halijajibiwa. Limezidi, kwa kuwa tungo sasa husikilizwa kwenye simu za mkononi kuliko zinavyosomwa vitabuni. Swali la hadhira nalo linarudi upya katika nchi ambazo wengi wa wasomaji wapya wa Kiswahili hawakulelewa na tenzi wala na ngonjera.

6. Muhtasari Unaopendekezwa

Kutokana na yaliyotangulia, muhtasari wa mitazamo inayopingana unapaswa kutimiza masharti manne. Utaje swali kabla ya kutaja mtu. Uipe kila hoja mwaka wake, na useme ilikuwa ikijibu nini. Uieleze kila hoja kwa namna ambayo mwenyewe angekubali kuwa ndiyo yake, katika ubora wake. Mwisho, uonyeshe pale wapinzani wanapokubaliana, kwa kuwa hapo ndipo tofauti yao halisi huonekana.

Kwa masharti hayo, aya ya mapitio kuhusu swali la hadhira ingeweza kusomeka hivi:

Kuhusu ushairi umfikie nani, watunzi wa Tanzania wa miaka ya 1960 na 1970 walikubaliana kuwa ni mwananchi wa kawaida, lakini hawakukubaliana kuhusu njia. Mnyampala (aliyefariki 1969) alizikuza ngonjera, utungo wa majibizano wenye vina, unaohifadhika kichwani na kusemwa hadharani. Kezilahabi (1974) alitaka lugha ya mazungumzo ya kila siku iingie katika ushairi, hata kwa gharama ya kuacha vina. Njia ya kwanza inamfikia asiyesoma lakini inamfunga mtunzi. Ya pili inamfungua mtunzi lakini inamdai msomaji.

Aya hiyo si ndefu kuliko ile ya kambi mbili. Tofauti ni kwamba msomaji wake anaweza kuendelea kufikiri. Anaweza kuuliza, kwa mfano, kama shairi huru linalosemwa kwa sauti na kurekodiwa limepata njia ya tatu. Pengo la utafiti huonekana lenyewe, bila kulazimisha watangulizi waonekane wameshindwa.

7. Hitimisho

Makala hii imeonyesha kuwa mgogoro wa ushairi wa Kiswahili, kama unavyofupishwa katika kazi nyingi za utafiti, umekusanya nyakati tofauti, ukawagawa watu kwa asili zao na kuyafanya maswali manne kuwa moja. Matokeo yake ni kwamba Abedi anamjibu mtu ambaye hakumsoma, Mnyampala anamkataa ndugu yake wa nia, na Shariff anawekwa katika kambi inayokosolewa na kitabu chake.

Fasihi ya lugha inayovuka mipaka hufika ugenini kwa njia ya vifupisho kabla ya vitabu. Kwa sababu hiyo, vyama vya Kiswahili na idara za vyuo vikuu vya ukanda huu vina kazi mbili zinazokwenda pamoja: kuhakikisha kuwa matini za msingi za mjadala huu zinachapwa upya na kuwafikia wasomaji wa nchi jirani, na kuwafundisha watafiti chipukizi kuwa kumfupisha mtu ni kumsemea. Anayemsemea mwingine ana wajibu wa kwanza kujua aliulizwa nini.